Seli Inayojipima Yenyewe: Historia ya Vihisi vya Kalsiamu

Maji ya bomba ya London, 1882–1883

Sydney Ringer alikuwa daktari jijini London, na nje ya saa za wagonjwa alijifungia maabara akichunguza moyo wa chura. Moyo huo ukitolewa kifuani na kulowekwa kwenye maji ya chumvi yenye mchanganyiko unaoufaa, huendelea kudunda kwa muda mrefu. Mwaka 1882 Ringer alichapisha taarifa kwamba mchanganyiko huo ameupata. Mwaka uliofuata ikambidi ajisahihishe hadharani: maji aliyodhani yamekenekwa yalikuwa maji ya bomba, yale yale yaliyosambazwa mjini na New River Water Company. Alipotumia maji yaliyokenekwa kweli, moyo ulilegea na kusimama. Akatia chumvi kidogo ya kalsiamu, ukadunda tena.

Kabla ya hapo kalsiamu ilihesabiwa kuwa madini ya mifupa, meno na maganda ya konokono. Jaribio la Ringer lilionyesha kwamba ina kazi nyingine, ya kutoa amri. Wanafisiolojia waliomfuata walikuta mambo mengi mwilini yanategemea amri hiyo: msuli kujikunja, tezi kumwaga homoni, yai kuanza kukua baada ya kurutubishwa, seli ya neva kumpitishia jirani yake ujumbe. Katika utulivu, kalsiamu huru ndani ya seli huwa haba kiasi cha kuzidiwa na ile ya nje mara 10,000 hivi, kwa sababu seli haiachi kuitoa, kama mvuvi anayekumba maji kwenye ngalawa inayovuja. Milango ya utando ikifunguka hata kwa kitambo kidogo sana, kalsiamu humiminika ndani, na hiyo ndiyo ishara.

Tatizo likawa kuiona. Ukiisaga tishu na kupima madini yake, utajua jumla ya kalsiamu iliyomo, ila hutajua ni ipi iliyokuwa huru wala ilipanda lini. Ilihitajika njia ya kuitazama seli ikiwa hai, ishara ikipita. Kwa karibu miaka 80 hakuna aliyekuwa nayo, na ilipopatikana, aliyeipata hakuwa akiitafuta kalsiamu hata kidogo.

Friday Harbor, 1961

Osamu Shimomura alizaliwa Japani mwaka 1928. Agosti 1945 alikuwa kijana wa miaka 16 huko Isahaya, si mbali na Nagasaki, na mwako wa bomu la atomiki ulimpofusha kwa muda mfupi. Baada ya vita alisomea famasia Nagasaki, kisha akaenda Nagoya, ambako mwaka 1956 alifaulu kupata fuwele za kemikali inayompa mwanga mnyama mdogo wa baharini aitwaye Cypridina. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Frank Johnson wa Chuo Kikuu cha Princeton amwalike Marekani. Johnson alikuwa na swali lake: konyeza aitwaye Aequorea, anayeelea kwa maelfu katika ghuba za jimbo la Washington, anapata wapi mwanga wa kijani kwenye ukingo wa mwavuli wake?

Kiangazi cha 1961 walifunga vifaa kwenye gari, wakaivuka Marekani kutoka mashariki hadi magharibi, wakafika kituo cha utafiti cha Friday Harbor. Alfajiri waliteka konyeza kwa nyavu za mpini, mmoja mmoja. Baada ya kifungua kinywa walikaa na mikasi wakiukata ukingo wa kila mmoja, maana viungo vyenye mwanga viko kwenye utepe huo mwembamba peke yake. Mchana walizikamua tepe hizo kupitia kitambaa, jioni wakarudi gatini kuteka wengine.

Kila mtu wakati ule aliamini kwamba mwanga wa viumbe hutokana na vitu viwili, kemikali iitwayo luciferini na kimeng'enya chake. Shimomura alijaribu njia hiyo akashindwa, akamwambia Johnson kwamba dhana yenyewe ina kasoro. Johnson hakukubali. Kwa siku kadhaa wakawa wanafanya kazi kwenye meza moja, kila mmoja upande wake na njia yake, hali ambayo yeyote aliyewahi kuwa mgeni katika maabara ya mwenyeji wake anaweza kuukisia uzito wake. Shimomura aliingia kwenye mashua ndogo, akaiacha ielee, akafikiri. Lililomjia ni kwamba, luciferini iwepo au isiwepo, kazi hii lazima inafanywa na protini, na protini huathiriwa na uchachu. Akaufanya mkamuo uwe mchachu, mwanga ukazimika. Akaupunguza uchachu kwa magadi, mwanga ukarudi hafifu. Alipomwaga mabaki kwenye sinki, sinki zima likamulika buluu kwa ghafla.

Maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye sinki yalitoka kwenye tangi la samaki. Yalikuwa maji ya bahari, na haikumchukua muda kutambua kwamba kilichowasha mwanga ni kalsiamu iliyomo ndani yake. Kiangazi kile walikata konyeza wapatao 10,000, wakatoka na miligramu chache tu za protini safi, wakaiita ekworini. Makala yao ilitoka mwaka 1962, nayo ilitaja kama jambo la pembeni kwamba katika mkamuo mlikuwa pia na protini nyingine, iliyong'aa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ndiyo iliyokuja kujulikana kwa kifupi cha GFP.

Ndani ya konyeza protini hizo mbili hushirikiana. Ekworini huihisi kalsiamu, na nguvu ambayo ingekuwa mwanga wa buluu huipokeza GFP, inayoutoa ukiwa kijani. Wanasayansi walitumia zaidi ya miaka 30 kuziunganisha upya kwa mikono yao kazi mbili ambazo mnyama huyu asiye na ubongo alikwisha kuziunganisha.

Miaka ya sindano na ya rangi, 1967–1985

Mwaka 1967 Ellis Ridgway na Christopher Ashley waliidunga ekworini ndani ya nyuzi za msuli za mnyama mwenye gamba gumu anayeganda kwenye miamba, aliyechaguliwa kwa sababu uzi wake mmoja ni mnene kiasi cha kuingiza sindano. Wakaustua kwa umeme, na mwanga ulipanda kabla ya msuli kukaza. Miaka kumi baadaye, Ridgway na wenzake waliidunga kwenye mayai ya samaki mdogo wa Kijapani aitwaye medaka, wakaona wakati wa kurutubishwa kalsiamu ikipanda kwa nguvu.

Hayo yalikuwa maajabu, ila yalikuwa maajabu ya watu wachache. Ili kupata miligramu 150 za ekworini Shimomura alihitaji konyeza wasiopungua 50,000. Mkewe na watoto wake walikuwa wakiteka pamoja naye, na Johnson akaunda mashine ya kukata kingo. Tena kila molekuli humulika mara moja tu, na seli nyingi ni ndogo mno kwa sindano.

Aliyelikwepa tatizo hilo kwa kemia ni Roger Tsien, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyekuwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1980 alitengeneza molekuli inayoikamata kalsiamu na kuiacha magnesiamu, ambayo ni nyingi zaidi ndani ya seli na ingeharibu vipimo vyote. Mwaka uliofuata akaziba chaji zake kwa vikundi vya esta ili ipenye utando yenyewe. Ikishaingia, vimeng'enya vya seli huviondoa vikundi hivyo na molekuli inanaswa ndani. Mwaka 1985, akiwa Berkeley, alitoa rangi ya kuonyesha kalsiamu iitwayo fura-2, pamoja na Grzegorz Grynkiewicz na Martin Poenie. Sindano ikawa si lazima tena, na maabara yoyote yenye hadubini nzuri iliweza kuagiza kichupa na kupima.

Hata hivyo rangi hizo hazichagui. Ukizimwaga juu ya kipande cha ubongo zinaingia kila seli, na baada ya saa chache huanza kuvuja. Kuitazama seli ile ile leo, kesho na mwezi ujao hakukuwezekana. Kwa maoni yangu hapa ndipo kemia ilipofika ukingoni, na Tsien mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko washindani wake.

Jeni kwenye bahasha, 1985–1994

Jeni ya ekworini ilisomwa mwaka 1985, na hapo njia mpya ikafunguka: badala ya kuiingizia seli protini, ipe maelekezo iitengeneze yenyewe. Mwaka 1991 Marc Knight na wenzake huko Edinburgh walitangaza kwamba wamepandikiza jeni hiyo kwenye tumbaku. Mche ulipoguswa au kupoozwa kwa baridi, ulitoa mwanga: mmea mzima ulikuwa umegeuka chombo cha kupima kalsiamu yake. Mwaka uliofuata kikundi cha Padua, Italia, kikiongozwa na Tullio Pozzan pamoja na Rosario Rizzuto, kiliiunganisha ekworini na anwani ya kiprotini inayoipeleka kwenye mitokondria, kikapima kalsiamu mahali ambapo rangi za kemia hazikuweza kuelekezwa kwa uhakika. Lakini mwanga wa ekworini ni mchache mno kupigia picha ya seli moja moja. Kilichokosekana ni kitu king'avu.

Douglas Prasher, mmoja wa walioisoma jeni ya ekworini, alikuwa Woods Hole, Massachusetts, akiitafuta ile nyingine, ya GFP. Aliipata, akaichapisha mwaka 1992: asidi amino 238 kwa mpangilio wake. Fedha za utafiti zikamwishia. Wengi waliamini kwamba protini hiyo haiwezi kung'aa nje ya konyeza bila msaada wa vimeng'enya vingine, na fedha mpya hakuzipata. Kabla ya kuondoka aliituma jeni yake kwa watu wawili walioiomba, Martin Chalfie wa Chuo Kikuu cha Columbia na Roger Tsien, aliyekuwa amehamia San Diego.

Katika maabara ya Chalfie, mwanafunzi Ghia Euskirchen aliichukua sehemu inayoandika protini peke yake, akaziacha herufi za ziada pembeni, akaitia kwenye bakteria. Bakteria wakang'aa kijani. Makala ya 1994 ilionyesha pia mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, seli zake za neva za mguso zikiwaka ndani ya mwili wake angavu. Protini hii haikuhitaji msaidizi ila oksijeni. Tsien naye alianza kubadilisha asidi amino moja moja, akapata kijani kikali zaidi, na pia buluu, samawati na njano.

Mwaka 2008 Tuzo ya Nobeli ya Kemia ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Kanuni haziruhusu zaidi ya watu watatu. Wakati inatangazwa, Prasher alikuwa Huntsville, Alabama, akiendesha gari la kuwabeba wateja wa duka la magari. Chalfie na Tsien walimwalika Stockholm kama mgeni wao, na baadaye alipata kazi katika maabara ya Tsien. Wapo wanaoisimulia habari hii kama ya bahati mbaya. Mimi naiona zaidi kama habari ya bajeti: mtu aliyeshika ufunguo wa fani nzima alikosa mfadhili wakati ambao fani hiyo ilikuwa bado haina jina.

Kinyonga, na pipa lililopasuliwa, 1997–2001

GFP huwaka tu, haihisi chochote. Kihisi kilitoka kwa protini nyingine, kalmodulini, ambayo karibu kila seli ya mnyama na mmea huitumia kuipokea kalsiamu. Ikikamata kalsiamu hubadilika umbo na kukumbatia vipande maalumu vya protini nyingine, kimojawapo kikiitwa M13.

Mwaka 1997 Atsushi Miyawaki, akiwa katika maabara ya Tsien, alipanga mnyororo mmoja: protini ya rangi moja mwanzoni, kalmodulini na M13 katikati, protini ya rangi nyingine mwishoni. Kalsiamu ikifika, kalmodulini huikumbatia M13, ncha mbili zikasogeleana, na nguvu ya mwanga ya rangi ya kwanza ikaruka kwenda kwa ya pili. Mtazamaji huona rangi ikigeuka. Wakakiita kwa jina la kinyonga, kwa kubadilika rangi huko na kwa M13 inayoingia na kutoka kwenye kinywa cha kalmodulini mithili ya ulimi. Anthony Persechini alikuwa na wazo la jamaa hiyo mwaka huo huo. Kuanzia hapo seli iliweza kuzaliwa na kipimo ndani yake. Kasoro ilikuwa kwamba badiliko la rangi ni dogo, na kwenye ubongo wa mnyama mzima lilipotelea kwenye kelele za hadubini.

Umbo la GFP lilikuwa limejulikana mwaka 1996: pipa lililofumwa kwa nyuzi 11, na katikati yake kiini kinachotoa mwanga, kikiwa kimekingwa dhidi ya maji. Mwaka 1999 Geoffrey Baird, David Zacharias na Tsien walipasua ukuta wa pipa hilo wakapachika kalmodulini nzima karibu na asidi amino ya 145. Kwa hesabu ya kawaida protini ingeharibika. Haikuharibika, na ikawaka zaidi kalsiamu ilipoongezeka.

Junichi Nakai, Masamichi Ohkura na Keiji Imoto wa Japani walilikamilisha wazo hilo mwaka 2001. Waliziunganisha ncha za asili za GFP, wakafungua ncha mpya ubavuni karibu na kiini, wakafunga M13 upande mmoja na kalmodulini upande wa pili. Bila kalsiamu tundu la ubavuni liko wazi, kiini hakina kinga, na mwanga ni hafifu. Kalsiamu ikija, kalmodulini huikumbatia M13, tundu likazibwa, na kijani kikapanda. Ni rangi moja tu, na hadubini za kawaida zinaitosha. Walikiita GCaMP. Mwaka ule ule Miyawaki, akiwa amerudi Japani, naye alitoa kihisi kilichojengwa kwa mpasuo wa namna hiyo.

Kiwanda cha Virginia, 2003–2013

GCaMP ya kwanza ilikuwa mtoto dhaifu. Katika joto la mwili wa mamalia, nyuzi 37, haikujikunja vizuri na iliwaka kidogo. Inzi hana tatizo la joto hilo, na mwaka 2003 maabara ya Richard Axel mjini New York iliitumia kwenye ubongo wa inzi wa matunda kuona harufu tofauti zikiwasha maeneo tofauti. Mwaka 2006 toleo la pili lilifaa kwenye moyo wa panya aliye hai.

Kilichobadilisha kasi ni namna ya kufanya kazi. Mwaka 2006 taasisi ya Howard Hughes ilifungua kituo cha Janelia huko Ashburn, Virginia, na humo Loren Looger na wenzake wakaacha kubahatisha protini mojamoja. Walitengeneza mabadiliko kwa mamia, wakayapima kwenye seli za neva zilizooteshwa vyomboni, wakachagua, wakaanza tena. GCaMP3 ilitoka mwaka 2009. GCaMP6, ya mwaka 2013, kwa mara ya kwanza ilizishinda rangi bora za kemia katika kuhisi: ndani ya gamba la ubongo la panya, mshtuko mmoja wa umeme wa seli moja uliweza kuonekana kama mwako mmoja. Nakala za jeni hizo ziliwekwa kwenye hazina ya Addgene, ambako maabara yoyote huagiza kwa bei ndogo, na uamuzi huo naupa uzito sawa na protini yenyewe. Upande wa Kanada, Robert Campbell alikuwa ameshatoa vihisi vyekundu na vya buluu mwaka 2011, ili seli za aina mbili zitazamwe pamoja.

Yaliyoonekana

Hadubini nazo zilikuwa zimekua. Ile ya fotoni mbili, iliyobuniwa Cornell mwaka 1990, ilipenya ndani ya ubongo bila kuuchoma. Mwaka 2011 Stanford walionyesha hadubini ya gramu 1.9, inayobebwa kichwani na panya anayetembea. Mwaka 2013 Misha Ahrens na Philipp Keller wa Janelia walichukua kiluwiluwi wa samaki wa milia, mwenye seli za neva 100,000 hivi na mwili unaopitisha mwanga, wakapiga picha ubongo wake wote kila baada ya sekunde 1.3, zaidi ya asilimia 80 ya seli zikionekana moja moja.

Picha ninayoirudia mara kwa mara, hata hivyo, haina neva. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota na Simon Gilroy walichapisha video ya mmea mdogo wa Arabidopsis wenye GCaMP. Kiwavi anatafuna jani hadi linakatika. Kijani kinazuka kwenye kidonda, kinashuka kwenye kikonyo, kisha kinapanda kwenye majani mengine ambayo kiwavi hajayagusa, nayo yanaanza kuandaa kemikali za kujikinga. Kinachokianzisha ni glutamati, kemikali ile ile ambayo ubongo wetu huitumia kupelekeana ujumbe.

Watafiti wa Brazil waliipandikiza GCaMP3 kwenye Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachoua watu wengi zaidi Afrika. Kimelea hicho hutegemea kalsiamu katika hatua za kutoka na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, na sasa mabadiliko hayo yanaweza kufuatiliwa ndani ya chembe yenyewe.

Bei ya kutazama

Kihisi kinachoikamata kalsiamu kinaipunguza pia, kwa hiyo seli inayopimwa si ile ile kabisa. Protini ikizidi hujaa hadi kwenye kiini cha seli, na seli huanza kuugua. Mwaka 2017 ilibainika kwamba baadhi ya koo za panya waliozaliwa na GCaMP huonyesha katika gamba la ubongo mawimbi yanayofanana na ya kifafa, na maabara kadhaa zikalazimika kuyakagua upya matokeo yao. Tena kalsiamu ni mwangwi wa umeme wa neva, na mwangwi huchelewa. GCaMP8, iliyochapishwa mwaka 2023, imepunguza ucheleweshaji huo hadi milisekunde chache wakati wa kupanda, na wabunifu wengine wanaendelea na vihisi vya volteji vinavyosoma umeme wenyewe.

Tsien alifariki mwaka 2016, Shimomura mwaka 2018 akiwa Nagasaki. Mwaka 2025 kikundi kikubwa cha maabara za Marekani kilitoa ramani ya takriban milimita moja ya ujazo ya ubongo wa panya. Kwanza panya huyo alionyeshwa sinema huku GCaMP6 ikiandika shughuli za seli zake za neva 75,000 hivi. Kisha kipande hicho kilikatwa tabaka zaidi ya 25,000 na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, ili kila mwako uliorekodiwa ulinganishwe na nyaya zilizouzalisha.